Kuhadithiwa Hakuui Picha: Hitchcock kwa Macho ya Dar

Kwa wapenzi wa muvi hapa Dar es Salaam kuna kosa moja lisilo na msamaha: kumhadithia mwenzako picha ambayo hajaitazama. Unaweza kuazima flashi ukakaa nayo mwezi mzima, watu wakakuvumilia. Ukisema tu "yule mke ndiye muuaji," unatolewa kwenye grupu la WhatsApp bila hata kuitishwa kikao. Sheria hiyo naielewa kama mnazungumzia tamthilia ya Kikorea iliyotoka juzi. Nisichokielewa ni kuiona ikitumika kwa picha za Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki aliyefariki mwaka 1980, ambaye sehemu kubwa ya ufundi wake ilikuwa kumhadithia mtazamaji kabla waliomo ndani ya picha hawajajua kinachowasubiri.

Hilo ndilo ninalotaka kulisimamia leo. Picha za Hitchcock hazipungui utamu kwa kuhadithiwa. Na mtazamaji wa Dar, aliyekulia kwenye mapicha ya kutafsiriwa, ameandaliwa kumwelewa mzee huyu kuliko anavyojidhania. Walioachwa nyuma ni watunzi wetu.

Wapenzi wa Hitchcock hapa mjini si wengi, lakini kwa ubishi hawana mpinzani. Wengine ni wastaafu waliokulia kwenye kumbi za mjini enzi za Avalon, Empire na Odeon. Wengine ni vijana wa chuo waliomfahamu kwa vipande vya YouTube kwenye simu. Kuna watu wa Psycho, kuna watu wa Rear Window, na kuna watu wa Vertigo, ambao hujiona wamesoma kuliko wengine, hasa tangu mwaka 2012, kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound la Uingereza ilipoiweka picha yao namba moja, mbele ya Citizen Kane iliyokalia kiti hicho kwa miaka 50. Mwaka 2022 Vertigo ilishuka hadi namba mbili. Hilo hawapendi kukumbushwa.

Wote kwa pamoja, hata hivyo, wanalijua somo la bomu chini ya meza. Hitchcock alilieleza kwenye mazungumzo yake marefu na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut mwaka 1962, yaliyotolewa kitabu mwaka 1966. Watu wamekaa mezani wanapiga soga. Bomu linalipuka ghafla: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde 15. Sasa mwonyeshe kwanza bomu likitegwa, mwonyeshe saa ukutani, halafu waache watu walewale waendelee na soga zao zilezile. Umempa dakika 15 za taharuki. Soga ambayo mwanzo ilikuwa ya kupitisha muda sasa haivumiliki, maana mtazamaji anatamani kuwapigia kelele waache maneno wainuke.

Mfano huo kila mtu anaunukuu, kisha ubishi unahamia kwenye kisu cha bafuni cha Psycho. Mimi nadhani ungebaki hapohapo kidogo, kwa sababu Hitchcock mwenyewe aliwahi kulitega bomu hilo, na hesabu ikamkatalia. Kwenye Sabotage ya mwaka 1936, mhujumu mmoja mwenye ukumbi wa sinema London anampa shemeji yake, mtoto mdogo, mzigo aupeleke mjini. Ndani mna bomu la kulipuka saa 7:45 mchana. Sisi tunajua, mtoto hajui. Njiani anakamatwa na mmachinga wa dawa ya meno, anamkalisha na kumsugua meno mbele ya watu ili auze bidhaa yake. Anapita pale, anazuiwa na msafara wa wakubwa barabarani. Mwishowe anapanda basi, anakaa karibu na mbwa mdogo, anacheza naye. Saa zinaonyeshwa, taa za barabarani zinaonyeshwa, mzigo unaonyeshwa. Basi linalipuka, mtoto anakufa.

Watu walikasirika, na baadaye Hitchcock alikiri kwamba alikosea: ukishamweka mtazamaji roho juu kiasi hicho, unatakiwa umpe pa kupumulia. Hapo simfuati. Kifo cha mtoto yule ndicho kinachoipa nusu ya pili ya picha uzito wake, na chakula cha usiku kinachofuata kati ya dada wa marehemu na mumewe, kisu kikiwa mezani, ni cha kutisha kwa sababu hatukupewa nafuu kule kwenye basi. Lakini ona alichojilaumu nacho. Hakujilaumu kwa kutuambia mapema. Alijilaumu kwa kutotuokoa baada ya kutuambia.

Miaka 10 baadaye akatengeneza Notorious, na kama ningelazimishwa kuchagua picha yake moja ya kumwonyesha mtu asiyemjua, ningechagua hiyo. Ingrid Bergman ni Alicia, binti wa jasusi wa Wanazi, anayetumiwa na Wamarekani kuingia nyumbani kwa Mjerumani mmoja Rio de Janeiro, hadi anaolewa naye. Kuna chumba cha mvinyo kinachofungwa, na ufunguo wake anao mume. Usiku wa sherehe Alicia anauchomoa ufunguo huo wakati mume yuko maliwatoni. Kabla hajaondoka, mume anatoka, anamshika mikono yote miwili ili aibusu. Anafungua kiganja kimoja, anabusu. Kabla hajafika cha pili, Alicia anamkumbatia shingoni, ufunguo unadondoka sakafuni nyuma ya mgongo wa mume, na yeye anausukuma pembeni kwa mguu. Hakuna bunduki wala kelele. Ni mke na mume wanabusiana, na mtazamaji hapumui.

Kisha inakuja shoti ambayo wapenzi wa kamera huizungumzia usiku kucha: kamera inaanzia juu kabisa ya ukumbi, wageni wote wanaonekana wakiwa wamependeza, inashuka taratibu, inashuka, mpaka inakomea kwenye mkono wa Alicia, na ndani ya mkono huo ufunguo unachungulia. Shoti hiyo imesifiwa vya kutosha. Kinachonivutia zaidi ni shampeni. Ufunguo umeshapita kwa mpelelezi mwenzake, wanakwenda kuchungulia chumba cha mvinyo, na huku juu mhudumu anafungua chupa. Kila chupa inayofunguliwa inamsogeza mume karibu na kushuka chini kuongeza nyingine. Yeyote aliyewahi kuwekwa kwenye kamati ya harusi hapa Dar, akakabidhiwa vinywaji, anaijua hofu ya kuhesabu makreti huku wageni wakiendelea kuingia. Hitchcock ameichukua hofu hiyo ya mwenye shughuli akaigeuza saa ya bomu. Tunajua nani atashuka, tunajua atakuta nini. Tusichokijua ni kama chupa zitatosha.

Sasa mwambie mtu yote haya kabla hajatazama, kama nilivyofanya hapa. Amepoteza nini? Nasema hajapoteza kitu, kwa sababu picha yenyewe ingemwambia hayohayo na kisha kumwacha ahangaike nayo.

Ubishi huu niliukuta umepamba moto Magomeni, kwenye kiduka cha jamaa anayejaza muvi kwenye flashi. Kijana mmoja alikuwa amekuja kuchukua Vertigo. Mzee mmoja mstaafu, mteja wa siku nyingi pale, akamwambia, "Hiyo nzuri. Yule mwanamke wa pili ni yuleyule wa kwanza." Kijana akaziba masikio, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. "Mzee wangu, ndiyo nini sasa? Umeshaniharibia!" Mzee hakutingishika. "Dogo, mwenye picha mwenyewe atakwambia kabla haijaisha. Mimi nimemtangulia tu."

Na mzee alikuwa sahihi kuliko sisi sote tuliocheka. Vertigo imetokana na riwaya ya Wafaransa wawili, Pierre Boileau na Thomas Narcejac. Kwenye riwaya, siri inafichuliwa mwishoni. Mpelelezi aliyestaafu kwa kuogopa vimo anampenda mwanamke ambaye yeye ameagizwa amfuatilie, anamwona akifa kwa kuanguka kutoka mnarani, kisha anakutana mtaani na mwanamke mwingine aliyefanana naye. Hitchcock alipofika hapo akafanya kitu ambacho waliomzunguka hawakukitaka. Ikiwa imebaki kama nusu saa, anamweka mwanamke yule mezani, anamwandikisha barua, na kupitia kwake anatuonyesha kila kitu: aliyekufa alikuwa mke halisi wa mtu, aliyependwa alikuwa mwigizaji wa kukodiwa, mpelelezi alitumika kama shahidi wa bandia. Kisha mwanamke anaichana barua.

Kuanzia hapo swali linabadilika. Hatuulizi tena "huyu ni nani?" Tunauliza "huyu bwana akijua, itakuwaje?" Na wakati huo bwana anamlazimisha mwanamke avae suti ya kijivu kama ya marehemu, apake nywele rangi ile, azibane kwa mtindo uleule. Tusingeijua siri, tungemwona mwanamume aliyeharibika akili akimsumbua msichana wa dukani. Kwa kuwa tunaijua, tunamwona mwanamke akikubali kurudishwa ndani ya uongo wake mwenyewe kwa sababu amempenda aliyemdanganya. Kila kibanio cha nywele kina uchungu wake. Nimesikia watu wakisema nusu hiyo ya pili inachosha. Hao, nadhani, wanasubiri kufichuliwa kitu ambacho kilishafichuliwa.

Najua nitajibiwa: na Psycho je? Hiyo ndiyo ngome ya wasiotaka kuhadithiwa, na ni ngome ya haki. Mwaka 1960 Hitchcock aliagiza kumbi za Marekani zisimruhusu mtu kuingia picha ikishaanza, na watazamaji waliombwa wasiseme mwisho. Hata kwa Truffaut aliweka akiba: mwambie mtazamaji kila inapowezekana, isipokuwa pale mwisho wa kushtukiza ndio kilele chenyewe. Kwa mtu aliyekulia na kanuni yetu ya mtaani, kwamba steringi hafi, kuona Janet Leigh, mwigizaji mkuu, anauawa kwa kisu bafuni kabla picha haijafika nusu ni kama kudhulumiwa. Steringi amekufa, na picha bado mbichi.

Lakini itazame tena hiyo Psycho ukiwa unajua. Mwanzoni mwanadada ameiba dola 40,000, ziko kwenye bahasha, na askari wa barabarani mwenye miwani myeusi anamsogelea dirishani. Sisi tunajua kuhusu bahasha, askari hajui. Baadaye Norman, mwenye nyumba ya wageni alimouawa mwanadada yule, analisukuma kwenye kinamasi lile gari lenye maiti, linazama, linazama, halafu linasita. Hapo waliokaa nawe wote watakaza viti, wakitaka gari lizame, yaani wakimwombea heri anayeficha mauaji. Na mpelelezi Arbogast anapopanda ngazi za nyumba ile kofia mkononi, kinachotisha ni kwamba sisi tunajua nyumba ile ina nini na yeye anadhani anakwenda kuhoji kikongwe. Toa mshtuko wa bafuni na wa mwisho, taharuki yote iliyobaki ya Psycho imejengwa juu ya kujua. Wanaoweka kile kipande cha bafuni peke yake kwenye status zao wanaonyesha ukataji wa kamera na nyuzi za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann. Taharuki haimo humo.

Nirudi kwetu. Kwenye vibanda umiza vya Manzese, Tandika na Buguruni, watu hawakuwahi kutazama picha kimyakimya wakisubiri kushtukizwa. Walitazama na mtu wa kuwasimulia. Enzi za mikanda ya VHS alitamba Lufufu, na baada yake wakaja madijei wengine wengi, sauti zao zikiwa juu ya sauti ya picha. Kutafsiri maneno ilikuwa sehemu tu ya kazi yao. Dijei alikuwa anajua picha inakokwenda na hakuona haya kukuonjesha. "Huyu jamaa anadhani yuko na rafiki. Mwacheni tu. Ngojeni afike mlangoni." Kibanda kizima kinaanza kupiga mayowe kumwonya mtu wa Hong Kong asiyesikia. Hiyo ni kazi ya saa ya ukutani kwenye Sabotage, imefanywa kwa mdomo, na mteja wa kiingilio cha kibanda aliipata bila kujua jina la mwongozaji yeyote. Ukitaka ushahidi zaidi, waulize wazee wa mapicha ya Kihindi kwa nini walirudi ukumbini kutazama picha ileile wakiwa wanazijua nyimbo zake zote na kilio kiko wapi.

Ndiyo maana Rear Window ya mwaka 1954 haihitaji utangulizi kwa mtu aliyewahi kupanga chumba uswahilini. Mpiga picha aliyevunjika mguu amekaa dirishani anawatazama majirani upande wa pili wa ua, anaanza kuhisi mmoja amemuua mkewe. Hapa mjini tunabishana kama jamaa yule ni shahidi au ni mmbea, na akina mama huwa na hoja nzito zaidi kuliko sisi, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda uani. Wengi wanasema tunajua tu kile anachokijua yeye, kwa sababu kamera karibu muda wote haitoki chumbani mwake. Si kweli kabisa. Kuna alfajiri moja amesinzia kitini, na sisi tunamwona jirani akitoka nyumbani na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Mwenye dirisha hakuona. Kuanzia hapo, anapoapa kwamba mke ameuawa, sisi tuna mashaka naye: si tulimwona mwanamke akiondoka? Hitchcock ametuzidishia habari ili atupoteze, na hilo ni gumu kuliko kuficha. Halafu mchumba wa jamaa anaingia mwenyewe chumbani mwa jirani, jirani anarudi, na mwanamume mwenye bandeji mguuni anaona yote kutoka ng'ambo bila uwezo wa kufanya lolote. Yuko pale tulipo sisi, kitini.

Kuna kujua kwingine ambako Hitchcock hakukupanga. Tippi Hedren, mwigizaji wa The Birds na Marnie, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 2016 kwamba mwongozaji alimnyanyasa kijinsia, na kwamba katika tukio la chumba cha juu alirushiwa ndege hai kwa siku kadhaa baada ya kuahidiwa wa bandia. Dada mmoja kwenye kundi letu hataki tena kuitazama The Birds kwa sababu hiyo, na sioni wa kumlaumu. Mimi bado naitazama, ila ile sehemu siioni kama nilivyoiona zamani. Uso wa mwanamke yule una habari ambayo picha haikukusudia kunipa.

Turudi kwa watunzi wetu. Muvi nyingi za hapa zinaishi kwa siri. Rafiki mnafiki, mtoto wa nje, barua iliyofichwa, sumu kwenye juisi, na yote tunaambiwa dakika za mwisho, muziki ukipanda. Watu huwalaumu waandishi kwa uvivu. Nadhani sababu iko sokoni. Muvi zilipokuwa zikiuzwa kwa diski, hadithi moja ilikatwa sehemu mbili, na msambazaji alihitaji ununue ya pili. Siri ikitoka mapema, nani atarudi dukani? Hadithi za magazeti ya udaku zilifundisha hivyohivyo kwa neno lao la "itaendelea." Hitchcock aliuza tiketi moja, mtu akakaa kitini mpaka taa ziwake, hivyo hakuwa na sababu ya kumnyima habari ili arudi wiki ijayo.

Chukua sumu hiyohiyo ya kwenye juisi. Kwa desturi yetu mgeni anakunywa, anaanguka, na baada ya msiba tunaambiwa nani alitia. Igeuze: tuonyeshwe mkono ukitia unga kwenye glasi moja kati ya nne, sinia ibebwe na msichana wa kazi asiyejua lolote, mtoto wa nyumbani atake glasi ya baba, mgeni aseme amefunga, mwenye nyumba amlazimishe japo aonje akifuturu. Hapo hujaongeza hata shilingi kwenye bajeti. Umeongeza robo saa ambayo hakuna atakayeshika simu yake.

Sina matumaini kwamba mabadiliko yatatoka kwa wanaopandisha vipande vya dakika 10 mtandaoni, kwa kuwa biashara yao ni ileile ya diski ya pili: kukata pale siri inapotaka kutoka. Nawategemea zaidi vijana wanaotengeneza filamu fupi za mkao mmoja, ambao hawana sehemu ya pili ya kuuza. Wao wanaweza kumudu kutuambia mapema.